Chujio linalojisafisha: kwa nini bomba hukauka kwa muda, na kwa nini maji ya mfereji si ya kuteka



Kuna swali ambalo wahamasishaji wetu wa afya hulisikia karibu kila asubuhi kwenye foleni ya maji: "Kwa nini mnamwaga maji, na sisi tuna madumu matupu?" Swali hili ni la haki. Ukipita karibu na mtambo wa kusafisha maji utaona bomba nene likitapika maji ya rangi ya udongo kwenye mfereji, dakika kumi hivi, na wakati huohuo mabomba ya mtaani yanatoa kidogo au hayatoi kabisa. Mtu aliyeamka saa kumi usiku kupanga foleni akiona hivyo lazima akasirike.

Jambo linalotuhangaisha zaidi ni jingine. Wakati wa kiangazi watoto, na hata watu wazima, wameonekana wakiteka maji ya mfereji ule. Wanayaacha kwenye dumu yatulie, tope linashuka chini, juu yanabaki maji yanayoonekana safi, na hayo yanapelekwa nyumbani kunywewa. Wengine wanasema, "Si yanatoka kwenye mtambo? Basi yamekwisha safishwa." Hapana. Hayo ndiyo maji machafu kuliko yote yanayopita pale. Soma makala hii mpaka mwisho, na kama jirani yako hajui kusoma, msomee.

Anza na chujio la chai

Chukua chujio la chai la nyumbani. Kikombe cha kwanza kinapita vizuri. Cha tatu kinapita polepole. Cha sita, majani yamejaa, na ukizidi kumimina chai inafurika pembeni na kuingia kikombeni na majani yake. Mama hufanya nini? Analigeuza chujio juu chini na kulimwagia maji kwa upande wa pili. Majani yanatoka yote, na chujio liko tayari tena.

Kazi hiyo ya kugeuza ndiyo siri ya karibu kila chujio linaloitwa "linalojisafisha", liwe dogo la mkononi au kubwa la mji mzima. Maji yanapita upande mmoja kwa saa nyingi, halafu yanarudishwa kwa upande wa pili kwa dakika chache, na uchafu unatupwa nje. Mafundi huita kazi hii kuosha kwa kurudisha maji. Tofauti ni kwamba chujio la mtambo lina tani za mchanga, kwa hiyo haliwezi kugeuzwa kwa mkono. Tunageuza maji badala yake.

Ndani ya tangi la mchanga

Maji ya ziwa au ya mto, kama yale yanayotumiwa katika makazi ya Nakivale na sehemu nyingine za Uganda, huja na udongo, majani madogo ya kijani, mayai ya minyoo na vijidudu. Kwanza hutiwa shabu. Shabu hufanya vumbi la udongo lishikane na kuwa madonge. Madonge mazito yanazama kwenye tangi la kutulia. Mepesi yanabaki, na hayo ndiyo kazi ya mchanga.

Watu wengi hudhani mchanga unazuia vijidudu kama wavu unavyozuia samaki. Sivyo. Punje ya mchanga wa mtambo ina upana wa kati ya nusu milimita na milimita moja, na nafasi kati ya punje na punje ni pana mno kwa kijidudu. Ni sawa na mbuzi kupita katika lango la mji. Kinachomkamata ni kunata. Donge la shabu likigusa punje linashika, na vijidudu vilivyo ndani ya donge vinashikwa pamoja nalo. Kwa sababu hiyo mchanga wa mtambo bila shabu hufanya kazi ndogo sana, na siku shabu ikichelewa barabarani sisi wa maji tunalala vibaya.

Baada ya siku moja au mbili, wakati wa mvua hata kabla ya hapo, mchanga umejaa. Hapo mambo mawili hutokea. Kwanza maji yanapata taabu kupita, kwa hiyo yanapungua bombani. La pili ndilo la hatari: madonge yaliyonata yanaanza kubanduka kwa nguvu ya maji na kutoka upande wa chini, kuelekea kwenye tangi lako la kunywa. Ni ile chai iliyofurika na majani yake.

Lazima kuosha. Fundi anafunga maji yanayoshuka na kufungua maji safi yapande kutoka chini kwa nguvu. Mchanga unainuka na kuanza kucheza kama uji unaochemka, mpaka unapata kimo kikubwa kuliko ulipokuwa umelala, robo zaidi au hata nusu zaidi. Punje zinasuguana na uchafu unabanduka. Mchanga ni mzito, hauendi mbali. Uchafu ni mwepesi, unapelekwa juu na kumwagika mferejini. Dakika tano mpaka kumi na tano, maji yanayotoka yakianza kuwa meupe, fundi anasimamisha na mchanga unalala tena. Kwa kawaida kazi hii inakula lita 2 mpaka 5 katika kila lita 100 zinazosafishwa. Ni bei, sikatai. Lakini mtambo usiooshwa unakupa hizo lita 100 zote zikiwa na hatari.

Sasa kuna kitu ambacho hata viongozi wa vitongoji hukasirika wakikiona. Baada ya kuosha, fundi huacha maji ya kwanza kutoka kwenye chujio yamwagike pia, ingawa chujio limekwisha kuwa safi. Sababu ni kwamba mchanga ulioshwa sasa hivi haunati vizuri, na juu yake bado kuna mabaki ya maji machafu. Unahitaji muda mfupi kuzoea kazi tena. Maji ya dakika hizo za kwanza ni mabaya kuliko ya saa moja baadaye. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi hii, miaka mingi iliyopita katika kambi nyingine, niliruka hatua hiyo kwa sababu ya kelele za foleni. Nikafungua mapema. Maji yaliingia tangi kubwa yakiwa na ukungu, klorini yote ikamalizikia kwenye uchafu, na ilibidi tumwage tangi zima. Foleni niliyotaka kuifupisha dakika ishirini ikawa ya siku nzima.

Usidhani ni mambo ya kambini tu. Mwaka 1993, katika mji wa Milwaukee huko Marekani, machujio ya mtambo mmoja mkubwa yaliacha kufanya kazi vizuri na maji yakatoka na ukungu kidogo. Klorini ilikuwamo kama kawaida. Lakini humo kulikuwa na kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu, chenye gamba gumu ambalo klorini ya bombani hailivunji. Pale mtamboni chujio ndilo lililotakiwa kukizuia. Watu wapatao 400,000 waliharisha.

Linalojiosha lenyewe kweli

Mpaka hapa utasema: huyu anatudanganya, chujio halijisafishi, fundi ndiye anayelisafisha. Ni kweli kwa mitambo mingi. Lakini lipo tangi la mchanga linalojiosha bila umeme, bila pampu ya kuoshea na bila mtu kufungua koki. Lilivyotengenezwa linapendeza, na kwa kuwa dizeli na umeme ni taabu makambini, inafaa ulifahamu.

Umewaona wauza petroli wa kando ya barabara. Wanatia mpira ndani ya pipa, wananyonya kidogo, wanashusha ncha ya mpira chini, na mafuta yanatoka yenyewe. Mpira unapanda juu ya ukingo wa pipa halafu unashuka, lakini mafuta hayaoni taabu kupanda, mradi mpira umejaa na ncha ya nje iko chini kuliko mafuta. Hayasimami mpaka hewa iingie ndani ya mpira.

Tangi lenyewe lina vyumba viwili, kimoja juu ya kingine. Chumba cha chini kina mchanga. Maji yakishapita kwenye mchanga hupanda kwa bomba na kujaza chumba cha juu, na chumba hicho kikijaa ndipo maji yanaelekea mabombani. Kwa hiyo juu ya mchanga kuna akiba ya maji safi wakati wote. Pembeni kuna bomba kubwa lililopinda kama fimbo ya mzee: linaanza juu ya mchanga, linapanda kupita kimo cha tangi, linapinda na kushuka mpaka mferejini. Huo ndio "mpira wa petroli".

Mchanga ukiwa safi, maji yanasimama chini katika bomba lile lililopinda. Mchanga ukianza kuziba, maji yanayoingia yanasukumwa nyuma na kupanda ndani ya bomba hilo, kidogo kidogo, saa baada ya saa. Siku yanapofika kwenye kipindo na kuanza kumwagika upande wa pili, yanaburuta hewa yote iliyokuwamo. Bomba linajaa na kuanza kunyonya, na linanyonya kwa nguvu kuliko maji yanayoingia. Akiba ya juu inashuka, inapita chini ya mchanga, inapanda ndani yake na kuuosha, kisha inatoka na uchafu mpaka mferejini. Akiba ikipungua mpaka kwenye mdomo wa kibomba chembamba, hewa inaingia, kunyonya kunakatika kwa mlio ambao wanaokaa karibu wanaujua, na chujio linaanza tena kazi yake. Hakuna aliyegusa kitu. Uchafu wenyewe ndio uliopiga kengele.

Lina kasoro zake. Halichagui saa: linaweza kuanza kujiosha saa moja asubuhi watu wakiwa wengi kuliko wakati wowote. Fundi anaweza kulilazimisha lianze mapema, usiku, kwa kupitisha maji ya nguvu katika bomba la kunyonya, na mitambo inayosimamiwa vizuri hufanya hivyo. Kasoro nyingine ni hewa. Bomba likipata tundu dogo, kunyonya hakuanzi, na mchanga unaendelea kuziba huku kila mtu akidhani chujio "linajisafisha". Baada ya miezi utakuta ndani mabonge ya tope magumu kama ngumi. Jina zuri la chujio halimwondoi fundi kazini. Linamwondoa kwenye koki tu.

Maji ya mfereji yana nini

Fikiria uchafu wa lita laki moja au zaidi zilizopita kwenye mchanga tangu jana. Vijidudu vyote vilivyonata, mayai yote ya minyoo, madonge yote ya shabu. Sasa vimebanduliwa kwa dakika kumi na kutiwa katika maji machache. Hayo ndiyo yanayotiririka mferejini. Klorini haimo, kwa sababu klorini hutiwa baada ya chujio, kwenye tangi la mwisho. Ukiyaacha yatulie, udongo utashuka kwa sababu umefungwa na shabu, hata haraka kuliko maji ya ziwani, na ndiyo maana yanadanganya macho. Kijidudu cha kipindupindu hakina uzito wa kushuka na kukuachia njia.

Wazee waliokuwa Goma Julai 1994 hawahitaji kuelezwa. Wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka kwa mamia ya maelfu katika siku chache, wakachota maji ya Ziwa Kivu kwa mikono, na maji ya ziwa lile ni maangavu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Februari 2018 kipindupindu kilizuka tena miongoni mwa watu waliovuka Ziwa Albert kutoka Ituri kuingia wilaya ya Hoima. Maji maangavu yanaweza kuua, na maji ya mfereji yaliyotulia dumuni ni maangavu.

Mchanga usiotakiwa kuoshwa hivyo

Hapa ninaomba uwe makini, kwa kuwa baadhi ya familia zina chujio la mchanga nyumbani, lile sanduku la saruji au la plastiki lenye bomba pembeni, lililobuniwa na David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada. Wengine wakisikia habari za mtambo wanakwenda kutoa mchanga wote wa nyumbani na kuuosha kwa sabuni. Msifanye hivyo!

Chujio la nyumbani ni la namna nyingine. Mchanga wake ni mwembamba, maji yanapita polepole, kama nusu lita kwa dakika au pungufu, na hakuna shabu. Kinachosafisha ni ngozi laini inayoota juu ya mchanga, ya viumbe vidogo vinavyokula vijidudu. Ngozi hiyo huchukua wiki mbili mpaka nne kukomaa. Ukiosha mchanga wote umeiua, na kwa wiki hizo unakunywa maji yasiyosafishwa vizuri huku ukijiona umefanya usafi. Maji yakipungua, koroga kwa kidole au kijiti sehemu ya juu tu, sentimita moja hivi, chota maji yaliyochafuka kwa kikombe, mwaga, na urudie mara mbili tatu mpaka maji yaende vizuri. Maji yaliyosimama juu ya mchanga yawe na kina cha sentimita tano hivi wakati wote. Lisipotumika kwa siku zaidi ya mbili, ngozi inaanza kufa kwa njaa.

Namna hii ya mchanga wa polepole ndiyo ya zamani, na imeokoa watu wengi. Mwaka 1892 mji wa Hamburg huko Ujerumani ulikuwa ukinywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Mji jirani wa Altona ulichota maji ya mto huohuo, tena chini ya mahali Hamburg ilipomwaga uchafu wake, lakini uliyapitisha kwenye mchanga. Kipindupindu kilipokuja, Hamburg ilizika watu zaidi ya 8,000. Altona iliguswa kidogo. Kulikuwa na barabara ya mpakani ambapo upande mmoja watu waliugua na upande wa pili hawakuugua.

Machujio ya nyuzi na ya vigae

Sokoni, na pia katika misaada, yapo machujio madogo yenye nyuzi nyembamba zilizo wazi ndani kama mirija. Kuta zake zina vitundu vya sehemu moja ya kumi ya maikroni, na kijidudu cha kipindupindu ni kinene kuliko hapo. Hili sasa ndilo wavu wa kweli. Nalo husafishwa kwa kurudisha maji: kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au kwa kubonyeza mpira au kusukuma kishikio. Tumia maji safi, sukuma kwa nguvu, kila siku ukichota maji ya tope. Watu wengi hulitupa chujio wakisema limeharibika, kumbe halijawahi kurudishiwa maji hata mara moja. La kigae, lile jeupe kama mshumaa, halijisafishi kabisa. Lisugue taratibu kwa brashi laini na maji, bila sabuni, na likipata ufa usiliamini tena.

Mwuzaji akikuambia chujio lake "linaua kila kitu na halihitaji kusafishwa", mwache aende. Virusi ni vidogo kuliko vitundu vya machujio mengi ya nyuzi. Homa ya ini, aina ya E, iliyoigusa wilaya ya Kitgum kaskazini mwa Uganda kuanzia 2007, iliwapata watu zaidi ya 10,000, na inawaua hasa akina mama wajawazito. Virusi hivyo hupita. Ndiyo maana baada ya chujio tunatia klorini, na ndiyo maana maji ya bomba yana harufu kidogo. Kipimo kinachotakiwa bombani ni miligramu 0.2 mpaka 0.5 kwa lita, na ukungu wa maji usizidi NTU 5. Usikae na maji bila kifuniko ili "harufu itoke". Ikitoka, na ulinzi umetoka.

Kuhusu foleni

Mafundi wanajitahidi kuosha usiku. Msimu wa mvua haiwezekani, kwa kuwa mchanga huziba mara mbili au zaidi kwa siku. Msimu huo jaza dumu moja jioni na uliache limefungwa kwa ajili ya asubuhi. Bomba likikatika, subiri kwanza nusu saa. Usilazimishe koki na usitoboe bomba la juu, kwa sababu bomba lisilo na maji hunyonya tope la nje kupitia kila ufa.

Mabomba yakirudi na maji yakatoka na ukungu, usiyachanganye na uliyoyaweka. Kinga kidogo katika chupa inayoonekana ndani, andika saa kwenye karatasi au mkumbuke wakati, na umpelekee mtunza bomba siku hiyohiyo. Saa ndiyo inayomwambia fundi ni chujio lipi kati ya machujio yake lilifunguliwa mapema mno.